Umepiga Selfi Westminster, Nzaui Hujafika

Wacha nianze na wale watakaokasirika, tumalizane nao mapema.

Ni nyinyi mnaofika Ulaya mkaposti makanisa. Mnajijua. Video ya sekunde 15, kamera inapanda polepole mpaka kwenye dari, juu yake umeweka sauti ya kwaya, halafu kepsheni ya neno moja: "Historia." Wiki hii ni Notre-Dame, wiki ijayo Westminster, wiki ile nyingine ni ile ya Barcelona iliyoanza kujengwa 1882 na mpaka leo mafundi hawajashuka. Na kwenye komenti ni watu wa kwetu, watoto wa Mwingi na Wote, wanamwaga mioyo, mwingine anauliza kwa uchungu mbona sisi hatuna vitu kama hivyo.

Sina shida na safari. Mtu amesumbuka na viza, amelipa tiketi, acha atembee. Hata mimi nikipata nafasi nitaenda, na nitapiga picha mpaka simu ijae. Shida yangu ni hilo neno. Mnalitumia kama vile historia ni kitu kinachopatikana upande ule peke yake, kama theluji. Ulaya kuna historia, ocha kuna mbuzi.

Sasa nitawaambia kitu kuhusu hiyo Westminster yenu.

Ukiingia Westminster Abbey pale London (mtu mzima analipa karibu pauni 30, hebu zipige kwa shilingi ukiwa umekaa chini), kwenye sakafu ya ule ukumbi mrefu kuna bamba la jiwe. Watu wanalipita wakikimbilia makaburi ya wafalme. Chini yake amelala David Livingstone, mmishonari na msafiri, aliyezikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe linasema mengi. Linasema alizaliwa wapi na alifia wapi. Na mwanzoni kabisa linasema aliletwa hapo na mikono ya uaminifu, iliyomvusha bara na bahari.

Mikono ya nani? Jiwe halisemi.

Basi nitasema mimi. Livingstone alikufa 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, mahali ambapo leo ni Zambia. Watu aliokuwa nao wangemzika pale wakaenda zao, na hakuna mtu angewalaumu. Badala yake walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga vizuri, kisha wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alikuwepo Abdullah Susi. Alikuwepo James Chuma. Alikuwepo Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamishonari huko Nasik, India, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti. Alikuwepo Halima, mpishi. Njiani, huko Unyanyembe, walikutana na msafara wa Waingereza uliokuja kumtafuta Livingstone. Kiongozi wa msafara akawaambia, si mzike tu hapa, mbona mjitese? Wakakataa. Wakaendelea kubeba.

Siku ya mazishi, kati ya hao wote, ni Wainwright pekee aliyekuwa ndani ya kanisa. Susi na Chuma walifika Uingereza mambo yamekwisha.

Majina yao si siri, vitabu vinayo. Lakini kwenye jiwe lenyewe, lile ambalo watu wanalipa pauni 30 kulikaribia, wao ni "mikono". Shika hilo neno, nitalirudia.

Miaka 18 baada ya mazishi hayo, mwaka wa 1892, kijana mmoja aliingia kwenye kanisa hilo. Aliitwa Peter Cameron Scott. Alizaliwa Glasgow 1867, familia yake ikahamia Philadelphia akiwa mtoto. Alikuwa anatoka Kongo akiwa mgonjwa, na huko Kongo aliacha kaburi la ndugu yake John, ambalo alilichimba mwenyewe. Kijana wa miaka 25. Nafikiria alikuwa amechoka na Afrika kabisa. Simulizi ambayo misheni yake imekuwa ikiisimulia tangu zamani ni kwamba alipiga magoti kando ya jiwe la Livingstone akasoma mstari uliochongwa pembeni, wa Injili ya Yohana, pale Yesu anapowataja kondoo wengine ambao si wa zizi hili na kwamba hao nao lazima awalete. Akasimama akiwa amekata shauri.

Mwaka wa 1895 akaanzisha Africa Inland Mission. Oktoba mwaka huo akashuka Mombasa na kikundi kidogo, dada yake Margaret akiwemo. Wakatembea kwenda bara. Na kituo chao cha kwanza, kabla mwaka haujaisha, kilikuwa wapi?

Nzaui.

Nzaui ya Makueni, wasee. Ule mlima wenye jabali unaouona upande wa Emali kwenda Wote, ukiwa kwenye matatu umelala na mdomo wazi.

Kutoka Nzaui walifungua Sakai, Kilungu na Kangundo. Desemba 1896 Scott akafa kwa homa, akiwa na miaka 29, kabla hata hajamaliza mwaka mzima Nzaui. Akazikwa huko huko. Wenzake wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, kazi ikabaki kidogo izimike. Lakini haikuzimika. Ilihamia Kijabe 1903, ikaenea Tanganyika na Kongo, ikawa Africa Inland Church, ile AIC ambayo wazazi wetu walikuwa wanamwona Rais Moi akitoka ndani yake kwenye taarifa ya habari Jumapili baada ya Jumapili. Ukiona Scott Christian University pale Machakos, hiyo Scott ni huyu.

Kwa hivyo wewe mtoto wa Makueni uliyeenda London ukapiga selfi na mnara, ulipita kwenye jiwe ambalo ndilo sababu nyanya yako anaimba nyimbo anazoimba. Ulipita juu ya mlango wa kwenu. Na ukaandika "Historia" ukimaanisha ya wenye mji.

Na bado sijafika kwenye sehemu inayonichoma zaidi.

Hiyo Nzaui haikuwa mahali tupu pakimngoja Mzungu. Wakamba wamekuwa wakisimulia, tangu kabla ya Scott, kabla ya Livingstone, kwamba Mungu aliwashusha mume na mke wa kwanza juu ya jabali la Nzaui, na kwamba alama za nyayo zao ziko kwenye mwamba. Sasa tafakari. Kijana anasoma kwenye jiwe la London habari za kondoo walio nje ya zizi, anavuka bahari kuwatafuta, na mahali anapotua hema ni pale ambapo hao "kondoo" wanasema Mungu aliweka mtu wa kwanza kabisa. Huwezi kuandika filamu hivyo, watu watasema umezidisha. Kama jabali hilo lingekuwa Italia, lingekuwa na kanisa juu, duka la sumaku za friji chini, na foleni ya saa tatu.

Kitui nao wasicheke, nakuja kwenu.

Siku hizi kila mtu anasoma Kijerumani. Tangu makubaliano ya kazi kati ya Kenya na Ujerumani yatiwe sahihi Septemba 2024, hata mtaani unasikia mtu akinong'ona vitenzi vya B1 akingoja boda. Poa, nendeni mkafanye kazi. Wengine wenu mtaishia Leipzig, na Leipzig mtapelekwa Thomaskirche, kanisa ambalo Johann Sebastian Bach aliongoza muziki kuanzia 1723 mpaka alipokufa 1750, na kaburi lake liko humo. Mtaposti. Kepsheni ninaijua tayari.

Lakini Leipzig na Kitui zilijuana kitambo. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ndiyo iliyokuwa Ikutha na Mulango tangu miaka ya 1890. Walutheri wa Kijerumani, katikati ya Kitui, wakijifunza Kikamba na kukiandika. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, Wajerumani wakawa maadui wa serikali ya Mwingereza, wakaondolewa, na vituo vyao vikaenda kwa Africa Inland Mission. Ndiyo maana leo Mulango ni AIC na hakuna mtu anayekumbuka Walutheri. Wewe unalipa shule ya lugha Nairobi upate B1, na hujui kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita kulikuwa na Wajerumani Ikutha waliokuwa wanahangaika kupata B1 ya Kikamba. Na walimu wao walikuwa ni akina nani? Mikono tena.

Kuna kisa kimoja cha upande wa AIM ambacho nakipenda. Willis Hotchkiss, mmoja wa wale waliokuja na Scott, aliandika kwamba alitafuta neno la Kikamba la "mwokozi" kwa zaidi ya miaka miwili bila kulipata. Hawezi kuuliza moja kwa moja, maana hana pa kuanzia. Akalipata jioni moja kwa bahati, akimsikiliza Mkamba aliyeitwa Kikuvi akisimulia jinsi alivyomwokoa Mzungu kutoka kwa simba. Yaani neno ambalo mhubiri alilitumia kusema Yesu anaokoa lilitoka kwenye mdomo wa Kikuvi, aliyekuwa amemwokoa mtu kweli. Tafuta kanisa lolote Ukambani lenye dirisha au ukumbi wenye jina la Kikuvi. Ukilipata nitumie.

Na Kitui ina deni letu lingine. Ni kutoka Kitui ambapo Ludwig Krapf aliuona mlima wenye theluji tarehe 3 Desemba 1849, na jina aliloliandika ni lile alilolisikia kwa Wakamba. Hilo ndilo jina la nchi kwenye pasipoti uliyogongewa viza. Aliyempokea alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, aliyeuawa 1851 akiwa safarini pamoja na huyo huyo Krapf kuelekea Tana. Nyinyi Kitui mnaijua Nzambani, mmeenda, mmelizunguka lile jiwe mkicheka kwamba ukimaliza mara saba unageuka jinsia. Sawa, ni raha. Lakini kwa Kivoi nani amewahi kupeleka kamera?

Kuna wale wataniambia: wewe unatetea wakoloni. Hayo makanisa yalikuja na bunduki nyuma, walituambia tuache ngoma zetu, tuache majina yetu, wacha yaoze. Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya mioyo na "wow", kwa sababu angalau mwenye kuileta amefikiria. Na ni kweli. Wamishonari walikataza vitu vingi ambavyo havikuwa na ubaya wowote, na wengine waliandika kuhusu watu wetu maneno ambayo ukiyasoma leo unafunga kitabu.

Lakini niambie, ukuta ukibomoka ni nani anapotea? Scott hapotei. Scott ana chuo, ana vitabu, ana misheni yenye ofisi ng'ambo. Livingstone ana Westminster. Anayepotea ni aliyechonga mawe, aliyeteka maji, aliyefundisha Mzungu neno. Yeye hana mahali pengine alipoandikwa. Huo ukuta ndio karatasi yake.

Na mtu wa kuwajibu vizuri zaidi alitoka Kitui. John Mbiti, aliyezaliwa 1931, alikulia upande huo wa Mulango, ndani ya AIC hiyo hiyo. Akasoma mpaka Cambridge akapata udaktari 1963, akafundisha Makerere, na 1969 akatoa kitabu kilichowaambia wasomi wa dunia kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya meli ya kwanza ya wamishonari kutia nanga. Halafu sikiliza hii. Mbiti alikwenda kuishi Uswisi, na kwa miaka mingi alikuwa mchungaji wa parokia katika mji wa Burgdorf. Burgdorf ina kanisa la mji la karne ya 15. Yaani Waswisi, kwenye mji wa zamani wenye kasri, waliketi Jumapili wakihubiriwa na Mkamba wa Kitui. Na akiwa huko huko alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, likatoka 2014. Alifariki 2019 Burgdorf.

Nionyeshe video moja ya mtu wa Kitui aliyesafiri Burgdorf kuona mimbari hiyo. Zurich mnafika, kwa chokoleti.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu lawama za Ulaya ni rahisi.

Kuna kanisa moja huku kwetu ambalo sitalitaja. Lilikuwa la mawe, dogo, limejengwa na wazazi wa wazazi wetu. Susu wangu alikuwa msichana wakati linajengwa, na kazi yake ilikuwa kuteka maji mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kupanda nayo mlima kwa ajili ya udongo wa kujengea. Alikuwa na alama ya hiyo kamba kichwani mpaka anakufa. Miaka michache iliyopita kamati ikaamua kanisa ni la kizamani. Haliendani na wakati. Wageni wakija tunaaibika. Likabomolewa kwa siku mbili, likajengwa lingine la vigae, mabati ya rangi, milango ya vioo, na spika ambazo zinasikika mpaka kijiji cha pili mtu akikohoa.

Jiwe la pembeni, lililokuwa limechongwa mwaka, nililikuta kwenye boma jirani. Wanalitumia kufulia nguo.

Sikatai kwamba waumini wameongezeka. Kanisa la watu 80 haliwezi kubeba 600, na paa lilikuwa linavuja, na hakuna anayetaka kuabudu ndani ya beseni. Lakini ploti ilikuwa kubwa. Lingejengwa kando. Lile la zamani lingekuwa la watoto wa Sunday School, au maktaba, au hata stoo, bora lisimame. Hakuna aliyeuliza wazee. Waliambiwa siku ya matangazo, kama unavyoambiwa bei ya mafuta imepanda.

Na kwenye lango la hilo kanisa jipya kuna bamba la marumaru. Limeandikwa kwamba jiwe la msingi limewekwa na Mheshimiwa fulani. Jina lake, cheo chake, tarehe, kwa herufi za dhahabu. Mheshimiwa alikuja na helikopta, akaacha bahasha, akaondoka kabla ya chakula. Chini yake kuna jina la mchungaji. Chini yake kuna mstari mmoja unaowashukuru "wote waliochangia."

Wote waliochangia. Mikono ya uaminifu. Westminster walifanya hivyo 1874 kwa watu waliowaona kama wabebaji mizigo. Sisi tumewafanyia nyanya zetu wenyewe.

Hapo ndipo nawaambia vijana wenzangu. 2024 tulisimama tukasema wanasiasa watoke madhabahuni na pesa zao. Tulipiga kelele mpaka maaskofu Wakatoliki wakarudisha hela za harambee mwezi wa Novemba. Safi kabisa. Lakini tuliwatoa kwenye mimbari tukawaacha kwenye ukuta. Zunguka makanisa ya kaunti hizi mbili usome mabamba. Utadhani Ukambani yote ilijengwa na wabunge.

Na wenzetu wa Paris walifanyaje? Notre-Dame iliungua 15 Aprili 2019, na nakumbuka venye status zenu zilijaa moshi na machozi. Watu wakachanga zaidi ya yuro milioni 800. Wangeweza kuweka paa la kioo la kisasa, na kuna wasanifu walioleta michoro ya hivyo. Wakaamua hapana. Wakatafuta miti ya mwaloni, wakatafuta mafundi wa kuichonga kwa shoka kama zamani, wakarudisha paa lilivyokuwa, wakafungua Desemba 2024. Hicho ndicho mnachokisifu mkisema "wazungu wanajua kutunza." Basi tungeiga hicho. Sisi tumeiga vigae.

Msiniambie hakuna pesa. Bamba la majina ni bei ya spika moja. Na msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo lenye historia kuwa mnara wa taifa kupitia Gazeti la Serikali, na likishatangazwa kamati haiwezi kuamka asubuhi na tingatinga. Katiba ya 2010 nayo imeweka makumbusho na utalii wa mashinani mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo tukiuliza Kitui na Makueni wamefanya nini na Ikutha, Mulango, Nzaui, na Kibwezi pia (Waskoti walianzisha misheni Kibwezi 1891, kabla ya Nzaui, na ndiyo iliyohamia Kikuyu 1898 ikawa mwanzo wa PCEA), tunauliza wenye kazi hiyo. Rabai kule Kilifi, ambako Krapf alianza kituo 1846, kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Wameweza. Kwani sisi tuna nini?

Na kama unataka kuona nyumba ya ibada inayojua kupokea mgeni bila kumtoza pauni 30, haiko mbali. Hekalu la Masingasinga pale Makindu, Makueni, limejengwa 1926, na asili yake ni vibarua wa reli waliokuwa wanakusanyika hapo kuomba. Unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unakula chapati na dengu bure, wewe Mkristo, Mwislamu, asiye na dini, dereva wa lori. Nusu yenu mmekula pale mkienda Mombasa. Hebu semeni ukweli, ni wangapi waliuliza nani aliijenga? Mlishiba mkarudi kwenye gari. Mimi ninachosema ni kwamba hata Makindu, mahali ambapo mnasimama kila Desemba, mnapita kama mnavyopita kwenye jiwe la Livingstone.

Kwa wale walio Ujerumani tayari, nawapa kontenti ya bure. Wamishonari wa Leipzig walipiga picha nyingi Ukambani, na sehemu ya picha hizo imewekwa mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzitazama. Andika "Leipzig Mission" na "Kamba" uone. Kuna nyuso humo. Kuna mtu ambaye pengine ni babu wa babu yako amesimama kando ya ukuta ambao haujafika kiunoni, na anakutazama. Zipeleke nyumbani, uwaonyeshe wazee kwenye simu. Acha waguse skrini, wavute picha na vidole viwili, wabishane. Rekodi ubishi huo.

Na walio huku: Nzaui si mbali. Ni barabara ya Mombasa mpaka Emali, unakata kuelekea Wote, unauliza. Panda na mtu wa hapo, umlipe, na ubebe maji.

Mimi nimeanza orodha ya lile kanisa letu lililobomolewa. Nilidhani itakuwa rahisi, kumbe waliobaki wanaokumbuka ni watatu, na mmoja masikio yamekwisha, namwandikia maswali kwa herufi kubwa kwenye daftari la shule. Mpaka jana nina majina 14. Tisa ni ya wanaume waliochonga na kubeba mawe. Watano ni wanawake wa maji, na wa kwanza kwenye hao watano ni susu. Nimemuuliza fundi wa mabamba pale mjini, ameniambia bei inategemea idadi ya herufi. Nimemwambia angoje, kuna mzee mmoja Jumamosi nitamwona.